Pombe, Kamari na Leseni: Jinsi Serikali Zilivyozisimamia Nchini Kenya

Haya ni mazungumzo juu ya historia ya karatasi mbili zinazojulikana katika kila mji na kila soko.



Katika kila baa iliyo halali nchini Kenya, nyuma ya kaunta, hutundikwa karatasi yenye muhuri. Wanywaji wachache huisoma. Karatasi hiyo hutaja jina la mwenye duka, mahali lilipo, aina ya kinywaji anachoruhusiwa kuuza, na siku ambayo ruhusa yake itakwisha. Na kama katika jengo lilo hilo pana dirisha la kuwekea dau juu ya mpira, sharti iwepo karatasi ya pili, iliyotolewa na wakubwa wengine kwa sheria nyingine. Karatasi hizi zina historia ndefu kuliko umri wa baa yenyewe. Ndani yake mna swali moja ambalo limeulizwa na kila serikali iliyopata kutawala nchi hii: nani aketi mezani na kukata shauri kwamba fulani auze na fulani asiuze? Tena, fedha za leseni zikiisha kulipwa, ziingie katika mfuko gani?

Hilo la fedha lafaa kuangaliwa sana, kwa sababu tangu mwanzo yule aliyepewa kazi ya kuzuia ndiye aliyepewa kazi ya kupokea.

KABLA YA KARATASI

Pombe haikuletwa na meli. Wakikuyu walikuwa na muratina, Wakamba walikuwa na uki, watu wa magharibi walikuwa na busaa ya wimbi, na Wamijikenda walikuwa na wagema wao waliopanda minazi asubuhi na jioni. Usimamizi ulikuwako, ila haukuandikwa. Pombe ya asali ilikuwa ya wazee. Kijana alitumwa kuibeba, wala hakuketi penye kibuyu. Ilipikwa kwa mahari, kwa tambiko, kwa kumaliza kesi, na kwa kuwashukuru waliokuja kulima. Si kwamba hapakuwa na walevi. Walikuwako, na nyimbo za kuwacheka zilikuwako pia. Walakini aliyekunywa kupita kiasi alijulikana na mpikaji, na mpikaji alijulikana na wazee.

Mkono wa serikali uliingia kwa mlango wa mapatano ya kimataifa. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yaliandikiana mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake yakatia vifungu vya kuzuia pombe kali isipelekwe katika nchi za Afrika zilizo kati ya digrii 20 kaskazini ya ikweta na digrii 22 kusini yake. Kenya imo katikati ya mistari hiyo. Mapatano mengine juu ya jambo hilo hilo yalitiwa sahihi Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, tarehe 10 Septemba 1919.

Kwa hiyo sheria za kwanza za vileo katika Kenya ziliwapanga watu kwa rangi. Mzungu aliweza kuagiza wiski hotelini; Mwafrika aliyekutwa na chupa ya wiski alishtakiwa. Kiwanda cha kwanza kikubwa cha bia kilianzishwa mwaka 1922, na katika Desemba ya mwaka huo kreti kumi za bia yake zilipelekwa Hoteli ya Stanley, Nairobi. Mwenye hoteli alikuwa na leseni ya kuiuza. Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kuinunua.

UKUMBI WA PUMWANI

Je, Mwafrika wa mjini anywe nini? Jawabu lilitoka mbali. Mwaka 1908 koloni ya Natal, katika Afrika Kusini, ilitunga sheria iliyouruhusu mji uwe na haki ya peke yake ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika. Mji wa Durban uliitumia haki hiyo mara moja, ukajenga kumbi, na faida ikawa nyingi mno hata miji mingine ikaanza kutamani. Nairobi ulikuwa mmoja wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati ule ule Pumwani ulipokuwa ukipimwa uwe mtaa wa Waafrika, Manispaa ilichukua haki kama ile ya Durban. Ukajengwa ukumbi wa pombe. Pombe ya halali ikawa ile ya Manispaa peke yake.

Jambo hili yafaa litazamwe kwa makini, maana mengi yaliyotokea baadaye yalianzia hapo. Siku moja kabla ya amri, mwanamke wa Nairobi aliyepika pombe nyumbani mwake na kuwauzia wapangaji na vibarua alikuwa mfanya biashara. Siku iliyofuata alikuwa mhalifu. Kinywaji kilikuwa kile kile, na maji yalikuwa ya mfereji ule ule. Kilichobadilika ni nani apokee senti. Polisi walipekua nyumba, mapipa yakamwagwa mitaroni, faini zikatozwa. Wanawake wengi wa mitaa ile walilipa faini, wakarudi nyumbani, wakawasha moto tena, kwa sababu kodi ya nyumba haikungoja.

Walioutetea mpango huo hawakukosa hoja. Walisema kwamba pombe ya ukumbini hupimwa, hufungwa kwa saa, na faida yake hutiwa katika mfuko wa peke yake kwa manufaa ya mitaa ya Waafrika. Ni kweli mfuko ulikuwako. Walakini hesabu ya namna hiyo ina kasoro iliyo wazi: kadiri watu wanavyokunywa ndivyo mfuko unavyojaa. Afisa aliyewataka watu wapunguze ulevi alitaka pia, bila kusema, fedha za mtaa wao zipungue. Tena Wazungu wa mji ule hawakuambiwa kwamba barabara zao na taa zao zitategemea kiasi cha wiski watakayokunywa.

Huko mashambani kazi ilitupwa mikononi mwa machifu. Sheria ya mwaka 1912 juu ya mamlaka ya wenyeji iliwapa uwezo wa kutoa amri za kuzuia au kupunguza upikaji wa pombe katika sehemu zao. Chifu mmoja alifanya hivi, mwingine vile. Palikuwa na mahali ambapo kibali cha kupika kwa ajili ya arusi kilipatikana kwa kuomba, na mahali ambapo hakikupatikana bila kuku.

BAADA YA VITA

Vita Kuu ya Pili vilipokwisha mwaka 1945, askari Waafrika walirudi kutoka Burma na mahali pengine. Ilikuwa vigumu kumweleza mtu aliyepigana upande mmoja na Mwingereza kwamba hawezi kuaminiwa na chupa ya bia. Marufuku ya bia ya chupa yakaondolewa baada ya vita, na yale ya pombe kali yakafuata katika miaka ya 1950.

Mwaka 1957 ikatungwa sheria ya leseni za vileo ambayo ilidumu zaidi ya miaka 50. Aliyeisoma alikuta leseni za kila namna: ya duka la jumla, ya hoteli, ya mkahawa, ya klabu, ya ukumbi wa michezo, hata ya behewa la chakula la gari la moshi na ya meli. Mwombaji alifika mbele ya baraza la leseni la wilaya, na mwenyekiti wake alikuwa mtu wa Serikali. Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, bendera ilibadilika, nyimbo zikabadilika, na aliyeketi katika kiti cha D.C. akawa Mwafrika. Sheria ya leseni haikubadilika.

Mwaka 1971 ikaongezwa sheria ya pombe za kienyeji, iliyohusu busaa, muratina, mnazi na nyinginezo, nazo zikawa na leseni zao. Hivyo mgawanyiko wa zamani ulibaki. Bia ya chupa ilikuwa na sheria yake, na pombe ya mtungi ilikuwa na yake. Neno la rangi ndilo lililofutwa.

Kisha ikaja mwaka 1980 sheria ya kupiga marufuku chang'aa kabisa. Chang'aa si busaa. Busaa huchachuka tu. Chang'aa hupikwa, mvuke wake hupitishwa katika bomba au chombo kilichopozwa kwa maji, ukatona tone kwa tone. Kwa kuwa upikaji huo wataka maji mengi ya baridi, wapikaji waliteremka mabondeni na kando ya mito, na huko ndiko askari walikowafuata kwa miaka 30. Hakuna aliyewahi kudai kwamba chang'aa ilikwisha. Kitu kilichokwisha ni ukaguzi. Kinywaji kilichopigwa marufuku hakina afisa wa kukipima, hakina chupa yenye jina, wala hakina mtu wa kushtakiwa na mnywaji aliyeumia.

MWAKA 2000 NA MAMBO YALIYOFUATA

Katika Novemba 2000, mitaa ya mashariki ya Nairobi, hasa Mukuru, ilipata msiba ambao haujasahauliwa. Watu walikunywa pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa kuwa kipimo kimoja kiliuzwa shilingi kumi. Ilikuwa imetiwa methanoli. Zaidi ya watu 130 walikufa, na wengine wengi wakapofuka.

Yafaa ieleweke kwa nini methanoli hudanganya. Ni maji meupe, hunusa kama kileo, hulevya kama kileo, na bei yake ni ndogo, kwa kuwa hutumika viwandani. Mtu aliyeinywa huhisi amelewa tu. Baada ya saa kadhaa mwili wake huigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo hushambulia mishipa ya macho kwanza. Ndiyo maana wagonjwa wengi hufika hospitali wakisema kwamba taa zimezimwa, kumbe ni mchana. Mara nyingi muuzaji mdogo naye hajui alichouziwa. Yeye ameongezewa ukali katika dumu, akafurahi.

Mwaka ule msiba ulionyesha kwamba marufuku ya mwaka 1980 hayakuwalinda maskini. Shirika la taifa la kupiga vita madawa ya kulevya, lijulikanalo kwa jina la NACADA, liliundwa mwaka 2001. Upande mwingine, kiwanda kikubwa cha bia kilitoa mwaka 2004 bia ya bei nafuu, Senator Keg, na Serikali ikakisamehe ushuru ili mnywaji wa chang'aa avutwe aache dumu. Mpango ulishika. Wakulima wa mtama wakapata soko. Halafu mwaka 2013 Hazina ikatoza ushuru wa nusu juu ya bia hiyo, bei ikapanda, wanywaji wakaikimbia, na mtama ukakosa wanunuzi. Mwaka 2015 sehemu kubwa ya ushuru ule ikasamehewa tena. Mkulima wa mtama asiyepata kuonja bia maishani mwake alijifunza mwaka ule kwamba riziki yake imefungwa katika kitabu cha ushuru wa pombe.

Sheria kubwa ilipatikana mwaka 2010. Ilipelekwa Bungeni na Bwana John Mututho, Mbunge wa Naivasha, na Rais Mwai Kibaki akaitia sahihi. Raia wakaiita Sheria ya Mututho mpaka leo. Sheria hiyo ilifuta zile za mwaka 1957 na 1980 kwa mara moja. Baa zikaamriwa zifunguliwe saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku siku za kazi; mwisho wa juma na siku kuu zifunguliwe saa nane mchana. Mtu asiyetimiza miaka 18 asiuziwe. Baa isiwe ndani ya meta 300 kutoka shule. Na jambo lililowashangaza wengi: chang'aa ikaruhusiwa, mradi itengenezwe kwa vipimo vya Serikali na iuzwe katika chupa ya gilasi yenye jina la aliyeitengeneza.

Shabaha ilikuwa kuitoa chang'aa mtoni na kuileta mwangani. Walakini mwanamke mwenye pipa moja bondeni hana fedha za mashine, wala za chupa, wala za maabara. Mlango ulifunguliwa, ila kizingiti kilikuwa juu. Wenye viwanda waliupita. Yeye alibaki pale pale alipokuwa bibi yake katika siku za Pumwani.

KUTOKA WILAYA MPAKA KAUNTI

Katika mwaka ule ule wa 2010 Kenya ilipata Katiba mpya, na Jedwali lake la Nne likagawa kazi baina ya Serikali ya Taifa na kaunti 47. Leseni za vileo ziliwekwa upande wa kaunti. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 kaunti zikaanza kutunga sheria zake. Nairobi ilipata yake mwaka 2014. Mwombaji sasa hafiki mbele ya D.C., bali mbele ya kamati ya kaunti ndogo, na ada yake huingia katika hazina ya kaunti.

Wako wanaosema kwamba hili lilikuwa jema, kwa kuwa kamati ya karibu yaijua mitaa. Ni kweli yaijua. Pia kaunti ina njaa ya fedha, na baa ni mlipaji asiyehitaji kubembelezwa. Mwalimu anayelalamika kwamba baa imefunguliwa kando ya uwanja wa shule huambiwa kwamba leseni ni halali, na kweli ni halali, maana muhuri upo. Kilichokosekana ni mtu aliyeshika kamba ya kupimia meta 300 kabla ya muhuri kugongwa. Polisi ni wa Serikali ya Taifa, leseni ni ya kaunti, na ubora wa kinywaji ni kazi ya shirika la viwango. Mtu anapokufa, kila mmoja huweza kuonyesha kwa kidole upande wa mwenzake.

Tena watu wamekufa. Mwaka 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa kwa siku chache. Februari 2024 wakafa watu zaidi ya kumi katika Kaunti ya Kirinyaga. Habari ya Kirinyaga ilikuwa na jambo la ajabu: Serikali yenyewe ilieleza kwamba kinywaji kile kilikuwa kimekamatwa na kuwekwa katika kituo cha polisi kiwe kielelezo cha kesi, kisha kikaibwa huko na kurudi sokoni. Sumu iliyokwisha shikwa iliuzwa mara ya pili.

DAU NA BODI YAKE

Kamari ilikuwa na njia yake, ingawa mwishowe njia hizo zimekutana. Sheria ya Jinai ya mwaka 1930 ilimhesabu mtu achezaye mchezo wa bahati kwa fedha mahali pa watu wote kuwa mvivu na mvurugaji wa utulivu. Ndiyo maana wachezesha pata potea, na karata zao tatu juu ya sanduku, hukunja kila kitu waonapo kofia ya askari. Wakati huo huo, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954, mabwana waliweka dau mchana kweupe.

Mwaka 1966 Bunge la Kenya huru lilitunga Sheria ya Dau, Bahati Nasibu na Michezo ya Kamari, ikaundwa Bodi ya kuitekeleza. Kwa miaka karibu 40 kazi ya Bodi hiyo haikusikika sana vijijini. Ilihusu kasino za mijini na za pwani, ambazo wageni wengi waliingia. Ilihusu farasi, na bahati nasibu za kukusanya fedha za misaada. Maofisa wake walikwenda kasino kutazama meza, wakashuhudia kura zikipigwa ili mtu asidhulumiwe. Sheria yote ilisimama juu ya msingi kwamba kamari ina nyumba. Nyumba ina mlango, na mlango una mtu wa kumwambia mtoto arudi nyumbani.

Machi 2007 ulianza utumaji wa fedha kwa simu, M-Pesa. Haukuwa na uhusiano wowote na kamari. Ulikuwa wa kumtumia mama fedha za unga. Lakini ukaiondoa ile nyumba. Kufikia mwaka 2014 kampuni za kubeti, SportPesa ikiwa mbele, zilikuwa zikipokea dau kwa namba za simu. Kijana aketiye juu ya pikipiki yake akingoja abiria aliweza kuweka shilingi mia juu ya timu za Uingereza kabla abiria hajafika, bila kuonana na mtu. Kampuni zikafadhili ligi na timu kubwa za nyumbani, Gor Mahia na AFC Leopards, hata mpenzi wa mpira aliyezichukia kamari akavaa jina lake kifuani. Madukani nako zikaingia mashine ndogo zinazomeza sarafu, na watoto wakazizunguka wakiwa na fedha walizotumwa nazo sukari. Mwaka 2018 Serikali ilizikusanya nyingi na kuziharibu.

Bodi ya mwaka 1966 ilikuwa na sheria ya mwaka 1966 mkononi. Basi iliyoshika usukani ikawa Hazina. Kodi ya dau ilikuwa asilimia 7.5, tangu Januari 2018 ikawa 35, na SportPesa ikaacha mara moja kufadhili michezo nchini. Kabla mwaka huo haujaisha Bunge likaamua ishuke mpaka 15. Katika Julai 2019 kampuni 27 hazikupewa leseni upya kwa ajili ya mabishano ya kodi, na kampuni za simu zikaambiwa zifunge namba zao. Septemba hiyo SportPesa ikasimamisha kazi, na watumishi wake wakarudi nyumbani. Ushuru mwingine, wa asilimia 20 juu ya kila dau, ukawekwa mwaka ule ule, ukaondolewa 2020, ukarudi 2021 ukiwa 7.5, ukapanda 12.5 mwaka 2023, ukafika 15 mwishoni mwa 2024, kisha ukateremka mpaka 5 mwaka 2025, ukitozwa juu ya fedha mtu anazoingiza katika akaunti ya kubeti.

Msikilizaji akizitazama namba hizo kwa utulivu ataona kwamba nyingi zao hazikuamuliwa kwa kuuliza kijana anapoteza kiasi gani. Ziliamuliwa kwa kuuliza ni kiasi gani kinaweza kuchukuliwa bila mchezaji kuhamia kampuni za ng'ambo zisizo na leseni. Ni hesabu ya haki kwa mtoza ushuru. Kwa mzazi ambaye karo ya mtoto wake imeliwa na simu ya mtoto huyo huyo, ni hesabu ya watu wengine.

Katika siku za karibuni mambo yamekwenda kasi. Tarehe 29 Aprili 2025 Bodi ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Agosti 2025 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyofuta ile ya mwaka 1966 na kuweka Mamlaka mpya mahali pa Bodi, na mara hii kamari ya mtandaoni imetajwa waziwazi. Ugumu mmoja haukutungwa na sheria hiyo bali waikuta katika Katiba: Jedwali lile lile la Nne lataja dau na kasino katika orodha ya kaunti, kisha lataja tena dau na kasino za kitaifa katika orodha ya Serikali ya Taifa. Dirisha la kubeti lililo Kisumu laweza kuitwa la kaunti. Dau lililowekwa Kisumu kwa simu, kwa kampuni yenye ofisi Nairobi, juu ya mchezo unaochezwa Liverpool, ni la nani? Wanasheria watakula miaka kadhaa kwa jambo hilo.

Upande wa vileo, Julai 2025 ilitolewa sera ya taifa iliyopendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Makelele yalikuwa mengi, na wengi walidhani ni amri. Sera si sheria. Umri haubadiliki mpaka Bunge litunge.

Kwa wale wanaouliza raia afanye nini hivi sasa, liko jambo moja ambalo wachache hulitumia. Sheria ya mwaka 2010 iliagiza kwamba majina ya waombaji wa leseni za vileo yatangazwe kabla kamati haijaketi, na mtu yeyote ana ruhusa ya kupinga kwa maandishi. Sheria za kaunti zilizofuata zilishika mwendo huo huo. Tangazo hubandikwa penye ofisi za Serikali. Mwenye kupinga aandike jina la mwombaji, mahali penyewe, na sababu zake: kwamba ni karibu na shule, kwa mfano, na ni meta ngapi. Barua ipelekwe kabla ya siku ya kikao, na anayeipeleka aombe nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa, siku na tarehe.